Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu kikundi chetu na njaa ya vijijini

Tumekusanya hapa maswali yanayojirudia kwenye simu na WhatsApp, maana tumechoka kujibu jambo lilelile kwa kila mtu kivyake. Mengine ni ya wachangiaji, mengine ya watu wa vijijini wenyewe, na mengine ni ya watu wenye hasira tu, hao nao tumewajibu.

Nyie ni akina nani hasa?

Ni watu wa kawaida, walimu, nesi mstaafu, vijana wa bodaboda, wenye maduka madogo, na wengine ni watoto wa vijiji hivyohivyo waliohamia mjini. Hakuna mwenye mshahara hapa. Tunafanya kazi vijiji vya pembezoni mkoa wa Dodoma, zaidi upande wa Bahi na Chamwino, na kazi ni moja tu: kaya iliyoishiwa chakula ivuke Januari hadi Machi bila kuuza kila ilichonacho. Hatuchimbi visima, hatujengi madarasa, hatukopeshi. Tunaombwa hivyo vyote na vyote ni muhimu ila sisi ni wachache, tukishika kila kitu tutaharibu kila kitu.

Mbona tunasikia Tanzania ina chakula cha kutosha na tunauza mpaka nje?

Ni kweli kabisa. Ukipiga hesabu ya nchi nzima, miaka mingi chakula kinazidi mahitaji, Ruvuma, Rukwa, Songwe na Mbeya wanavuna mahindi mpaka wanalia hakuna wa kuyanunua. Lakini mtu wa Bahi ambaye mvua yake ilikata Februari hawezi kula mahindi yaliyoko Sumbawanga kama hana hela, na hiyo hela alitegemea itoke kwenye shamba hilohilo lililoungua. Njaa nyingi tunazokutana nazo ziko hivyo, dukani chakula kipo tele, mfukoni ndo hamna kitu.

Alafu angalia biashara yenyewe inavyokwenda. Mkulima akivuna Mei au Juni anadaiwa kila kona, michango ya shule, deni la dukani, wengine wana ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayoitwa kausha damu, wengine walishauza zao likiwa bado liko shambani. Kwa hiyo anauza fasta bei ikiwa chini kabisa, tena kwa lumbesa, gunia limejazwa likaota kichwa likashonwa na kamba wakati sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100. Januari huyohuyo anarudi kununua mahindi kwa kisado, kile kindoo kidogo cha kupimia, na bei imeshapaa, na pengine ni mahindi yaleyale, yalizunguka Kibaigwa, soko kubwa la nafaka hapa Dodoma, yakarudi na bei ya mjini.

Na hili sio jambo la leo. Kwenye historia ya Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, kuna njaa inaitwa Mtunya, ya mwaka 1917 mpaka 1920. Ukame ulikuwepo, ila kabla yake majeshi ya Wajerumani na baadae ya Waingereza yalishabeba ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kwenda kuchukua mizigo ya vita. Mvua ilipogoma hapakuwa na cha kushikilia. Kwa hiyo mtu akituambia njaa ni mvua tu huwa tunamuuliza, na akiba ilienda wapi?

Je, hili ni baa la njaa?

Hapana, na tunaomba sana msiandike hivyo mnapotuchangishia. Baa la njaa lina vipimo vyake vinavyotumika kimataifa, inabidi angalau kaya 20 kati ya 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 kati ya 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya kila 10,000 wafe kila siku. Somalia ilitangazwa hivyo mwaka 2011. Huku kwetu ni upungufu wa chakula wa msimu, ambao unaumiza vya kutosha bila kuongezewa chumvi. Ukikuza mambo mwaka huu, mwaka hali ikiwa mbaya kweli nani atakuamini?

Kwa nini kila mara mnataja Januari hadi Machi?

Hapa ndo kwenye kiini cha kazi yetu kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba zinaisha Aprili, jumla kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka na mara nyingi Februari zinakata katikati. Mavuno ni Mei, Juni. Sasa akiba ya mavuno yaliyopita inaisha lini? Kwa kaya nyingi masikini inaisha Desemba au Januari, yaani wakati uleule ambao shamba linahitaji nguvu kuliko wakati wote maana ndo palizi.

Mama ameamka, hamna kitu cha kupika, watoto wanamwangalia. Anafanya nini? Anaenda kibarua, anapalilia shamba la mwenye nacho, jioni anarudi na unga wa siku hiyo. Kesho hivyohivyo. Wiki mbili tatu zinapita, shamba la yule tajiri liko safi na la kwake limemezwa na magugu. Mvua inyeshe vizuri, isinyeshe vizuri, mwezi wa sita atavuna kidogo, na kidogo hicho kitaisha mapema kuliko mwaka jana. Mwaka unaofuata anaanza kibarua Desemba. Watu wanasema huyu mama halimi vizuri. Analima vizuri sana ila analima kwa mwenzie!

Ndo maana chakula kidogo cha Januari kina thamani kubwa kuliko malori ya Aprili. Cha Januari kinamfanya abaki kwenye shamba lake. Cha Aprili kinakuta mbuzi ameshauzwa, mbegu imeshaliwa, na shamba limeshaharibika, hapo unalisha tu, hujaokoa kitu. Bahati mbaya michango inakuja watu wakishaona picha za kusikitisha, yaani Machi na Aprili. Sisi tunaomba hela Septemba na Oktoba wakati hakuna picha yoyote ya kuonyesha, na kusema ukweli ni kazi ngumu.

Si wavivu tu hao? Mbona hawalimi mtama unaovumilia ukame?

Kuhusu uvivu nenda ukashike jembe nao Januari alafu urudi tuongee.

Kuhusu mtama ni swali zuri. Mtama na uwele vinavumilia ukame kuliko mahindi, hilo halina ubishi, na kuna mbegu nzuri kama mtama wa Macia na uwele wa Okoa zinazokomaa mapema. Lakini mtama una adui anaitwa kwelea kwelea. Ndege mmoja anakula gramu kama 10 kwa siku, unaona ni kidogo, sasa kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku moja. Shamba lazima lilindwe kuanzia alfajiri mpaka jioni kwa wiki kadhaa, zamani watoto ndo walikuwa wanalinda, leo wako shule na ni sawa wawe shule. Hindi limejifunika ndani ya maganda yake, ndege hawampi shida sana. Ongeza kwamba mahindi yanauzika popote na kusaga kwake ni rahisi. Kwa hiyo mkulima anayeng'ang'ania mahindi sio mjinga, amepiga hesabu yake, japo mwaka wa ukame hiyo hesabu inamgeuka. Tunachoshauri ni kuchanganya, na majirani wapande mtama kwa wakati mmoja mashamba yakipakana ili wagawane zamu za kulinda. Ulioko peke yake unamalizwa wote.

Mnajuaje nani ana njaa kweli?

Hatujui sisi, wanajua majirani. Tunachofanya ni kuitisha mkutano wa kitongoji, mwenyekiti na mtendaji wakiwepo, alafu wananchi wenyewe wanasema kwenye kijiji chao mtu wa hali ya chini anafananaje. Vigezo vinatofautiana, kuna sehemu kutokuwa na ng'ombe ni umasikini na kuna sehemu hakuna mwenye ng'ombe hata mmoja.

Baada ya hapo tunapita nyumba kwa nyumba. Hatuulizi "una njaa?" maana kila mtu atasema anayo, hata wewe ungesema. Tunauliza jana mlikula mara ngapi na mlikula nini, mwezi huu mmeuza nini, mbegu mliyotunza bado ipo. Kuna mpangilio fulani wa vitu kuondoka ndani ya nyumba na ukishauzoea unaujua tu. Wanaanza kupunguza milo, watu wazima wanaacha kula ili watoto wale, kuku wanauzwa, mbuzi wanafuata, na mwaka wa shida wote wanauza mbuzi kwa mpigo kwa hiyo bei ya mbuzi inaanguka huku ya mahindi inapanda. Ukifika kwenye plau na ng'ombe wa kulimia, au shamba limekodishwa, huyo ameshachelewa kusaidiwa. Tunatafuta aliyefika kwenye kuku na mbuzi.

Mwisho orodha inasomwa hadharani, jina moja moja, na mtu yeyote anaruhusiwa kunyoosha mkono. Hapo ndo pana utamu! Utasikia minong'ono likitajwa jina la shemeji wa kiongozi, alafu bibi mmoja kule nyuma anasema mbona hamjamtaja fulani anayekaa upande wa korongo. Wanaosahaulika mara zote ni walewale, wagonjwa na wenye ulemavu wasioweza kuja mkutanoni, wahamiaji, na wafugaji waliopoteza mifugo ambao kila mtu bado anawaona matajiri.

Nasikia mkishaondoka watu wanagawana upya, ni kweli?

Kweli, vijiji vingine wanafanya hivyo. Aliyepata anampunguzia jirani ambaye hakupata. Wachangiaji wengine wanakasirika, wanaona ni wizi. Sisi tunaona hivi, huyo jirani ndo aliyempa chumvi na unga mwezi uliopita na ndo atakayempa tena mwakani sisi tukiwa hatupo, kwa hiyo akitaka kumgawia ni akili yake. Kinachotukera ni kiongozi kuamuru kila kaya ipate kibaba sawa, tajiri na masikini, ili yeye asilaumiwe. Hapo tunabishana mpaka jioni.

Kwa nini msiwape hela tu?

Mara nyingine tunawapa. Kijiji chenye soko karibu na mahindi yapo madukani, hela kwenye simu ni bora, haina gharama ya lori, mtu anachagua mwenyewe na hela inabaki kwa wafanyabiashara wa hapohapo. Ila kijiji kilichoko mbali na barabara, mvua zimekata njia, duka ni moja, ukimwaga hela siku moja bei inaruka siku hiyohiyo. Hapo tunapeleka nafaka. Kingine, simu mara nyingi ni ya baba, kwa hiyo kabla ya kutuma tunakaa na kaya tukubaliane itumwe kwa nani, na ya kutolea tunaongeza juu ili makato yasimle yeye.

Furushi moja lina nini?

Makadirio yanayotumika duniani ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na nafaka inawekwa kama gramu 400 kwa mtu. Kaya ya watu watano kwa mwezi inakuja kilo 60 za nafaka, yaani debe tatu na ushee. Jamii ya kunde gramu 60 kwa mtu, jumla kilo 9. Hapo weka mafuta ya alizeti na chumvi yenye madini joto, mlenda wanao wenyewe. Wengi hatuwapi mwezi mzima, tunajazia pale palipopungua kulingana na tulichoona nyumbani.

Mambo mawili ambayo watu wa mjini hawayafikirii. La kwanza maharage. Kuyapika yanataka saa nyingi za kuni na maji, na kijiji ambacho ndoo ya maji inafuatwa mbali, mama anapewa maharage anayauza. Choroko na kunde vinaiva haraka zaidi, kwa hiyo hivyo ndo tunanunua. La pili ni mashine ya kusaga. Ukimpa mtu mahindi na hana hela ya kusagia, anauza sehemu ya mahindi ili asage yaliyobaki. Siku hizi tunaongea na mwenye mashine kabisa tunamlipa sisi, watu wanakwenda na kadi tu. Unga hatupeleki maana unaharibika mapema.

Mna uhakika mahindi yenu ni salama?

Hili hatulichukulii poa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Sumukuvu ni sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi, uchemshe usichemshe.

Tukinunua tunapima unyevu, na kijijini tunafundisha njia ya chupa. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, weka mahindi kidogo na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji, rudisha juani, na uanike juu ya turubai sio chini kwenye udongo. Yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu yachambuliwe. Na jamani, hayo ya kuchambuliwa msiyapeleke kwenye pombe wala kwa kuku! Kuku nao yanawaua, na kwenye pombe sumu inabaki.

Kuhifadhi, tunapendelea ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, miwili ya ndani ni nailoni nzito na wa nje ni kiroba. Unafunga kila mmoja peke yake, unakaza, hewa inaisha ndani na dumuzi anakufa bila dawa yoyote. Dumuzi ndo yule mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza gunia kuwa vumbi. Mfuko ukitoboka na panya hiyo kazi yote imekwisha, kwa hiyo uweke juu ya mbao mbali na ukuta.

Mtoto akiwa amedhoofu sana mnamfanyaje?

Hatumlishi sisi, tunampeleka. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia chakula ghafla anaweza kufa mkononi mwako, mwili unashindwa kukipokea, ndo maana hospitali wanaanza na maziwa maalum kidogo kidogo.

Tunatembea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye utepe wa kupimia mkono, ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kituo cha afya leoleo. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano, anafuatiliwa. Kuanzia hapo kwenda juu kijani. Alafu bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu hivi, ukitoa kidole na shimo likabaki kwenye miguu yote hiyo ni kwashakoo, hata kama utepe unasema kijani. Akina mama wengi wanaona mtoto amenenepa, kumbe ni maji. Asiye na ugonjwa mwingine na anayeweza kula kawaida anapewa chakula dawa, ile pakiti ya karanga ya gramu 92 yenye kalori 500, anatibiwa akiwa nyumbani. Ile ni dawa ya huyo mtoto, sio ya kugawana na kaka zake, na hapa ndo tunasaidia, tunahakikisha hao kaka nao wana cha kula ili wasiinyemelee.

Naweza kutuma maziwa ya kopo ya watoto wachanga?

Hapana. Maji safi hamna, chupa zitaoshwa na nini? Mtoto ataharisha na ataisha. Mama akinyonyesha, hata mwenye njaa, aendelee, tumlishe yeye.

Na nguo, viatu, biskuti, tambi?

Ahsante ila hapana. Usafiri unakula hela kuliko thamani ya mzigo.

Mnagawa mbegu?

Ndio, na zinafika Novemba kabla mvua haijaanza, zikichelewa hazina maana. Tunanunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, dukani kwa wakala, sio za kupima kwenye sado. Na hatupeleki mbegu peke yake kwenye nyumba isiyo na chakula, maana zitapikwa, na ungefanya hivyohivyo. Hatari ni kwamba mbegu za dukani zimepakwa dawa, zile za rangi ya pinki au kijani, hizo haziliwi hata ukizifua mara kumi. Tunalisema hili kila mkutano mpaka watu wanacheka, na tutaendelea kulisema.

Kaya iliyoko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya masikini, inapata na kwenu?

Inaweza. Ruzuku ya TASAF ni ndogo na ina ratiba yake, njaa haina ratiba. Tunachoangalia ni nyumba ina nini leo. Pia NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ikileta mahindi ya bei nafuu wilayani huwa tunawaambia watu wakanunue kule kwanza, na asiye na hela kabisa ndo abaki kwetu.

Je, hamuwafanyi kuwa tegemezi?

Tungekuwa tunalisha mwaka mzima sawa. Sisi tunatoa kwa wiki kadhaa kwenye miezi ya palizi, na kipimo chetu ni kama mtu amepalilia shamba lake. Kama mwaka unaofuata kaya ileile iko kwenye orodha na ilipata mvua, tunakaa nao tujue kuna nini, mara nyingi unakuta kuna ugonjwa ndani au deni. Ukiniuliza mimi, anayemfanya mtu tegemezi zaidi ni yule anayenunua gunia lake la mwezi wa sita kwa bei ya kutupa, ila huyo hakuna anayemuuliza hili swali.

Mmewahi kufikiria ghala la kijiji?

Tumefikiria, na viko vijiji tunavyosaidia kuanzisha. Watu wanaweka nafaka wakati wa mavuno, Januari wanaichukua au wanauziana kwa bei waliyokubaliana. Kwenye karatasi ni tamu sana. Kwenye maisha ya kweli maghala mengi ya namna hii yanakufa kwa sababu ya funguo, yaani nani anashika funguo na nani anaandika daftari. Sisi tunasisitiza kufuli tatu, watu watatu wa koo tofauti, angalau wawili wawe akina mama, na daftari linasomwa mbele ya wote kila mwezi. Kukiwa na fununu ya uchaguzi wa serikali za mitaa tunasubiri upite kwanza.

Hela yangu inaenda wapi?

Nafaka, lori, kusagia, mbegu, mifuko ya kuhifadhia, makato ya simu. Mafuta ya pikipiki ya waliojitolea tunarudisha kwa risiti, chakula chao cha mchana wanajitegemea. Risiti zote zinapigwa picha zinawekwa kwenye grupu la wachangiaji siku ileile, na mizani inapigwa picha gunia likiwa juu yake. Ukichangia elfu tano una haki ya kuuliza sawasawa na aliyetoa milioni, na kuna mama mmoja wa elfu tano anauliza kuliko wote, tunamshukuru sana.

Mmesajiliwa?

Ndio, chini ya Sheria ya NGOs ya mwaka 2002, na tunaripoti halmashauri kabla ya kuingia kijijini. Mtu akikuambia anakusanya kwa niaba yetu kwa namba yake binafsi, usitume, tuulize kwanza.

Mbona hamuweki picha za watu mnaowasaidia?

Kwa sababu hao watoto watakua. Atakuwa na miaka ishirini, anatafuta kazi, na picha yake akiwa na tumbo wazi na makamasi bado inazunguka. Tunapiga magunia, mashamba, mizani. Mchangiaji mmoja aliwahi kutaka apigwe picha akimkabidhi bibi debe, bibi apige magoti. Tulimrudishia mchango wake.

Wanasiasa na dini?

Wote wanakaribishwa kuchangia, bendera na fulana vinabaki kwenye gari. Hatuulizi mtu anasali wapi.

Nataka kujitolea, nifanyeje?

Kama uko Dodoma, tunahitaji zaidi watu wa kuhesabu na kuandika kuliko wa kubeba, vijana wa kubeba wako wengi kijijini na wanajua kubeba kuliko wewe. Ukijua Kigogo ni faida kubwa, bibi wengi Kiswahili cha mikutano kinawachosha. Ukiwa mbali unaweza kusaidia kufuatilia bei za masoko, kukagua risiti, au kupigia simu kaya tulizozihudumia kuuliza kama walipata walichoandikiwa. Hiyo ya kupiga simu ndo inafichua mambo.

Mje na viatu vya tope, maji yenu ya kunywa, na msiwaahidi watu chochote. Neno lolote utakalosema kijijini kwa utani litakumbukwa mwaka mzima.

Kijiji chetu kina njaa na hamjafika, tufanye nini?

Kwanza mtendaji wenu apeleke taarifa ya hali ya chakula halmashauri kwa maandishi, na mbaki na nakala, maana bila hiyo karatasi hata serikali haiwezi kuwaweka kwenye mpango. Kama kuna watoto waliodhoofu msisubiri karatasi wala sisi, wapelekeni zahanati. Alafu mtutumie ujumbe, jina la kijiji na kata, vitongoji vingapi, mvua ilikata lini, kisado cha mahindi sasa hivi ni bei gani na mbuzi wa kawaida anauzwa shilingi ngapi. Hizo bei mbili zinatuambia mengi kuliko barua ndefu. Tukishindwa kuja tutawaambia mapema kwamba tumeshindwa, ili muendelee kutafuta kwingine.